Kidimbwi Kilichokosekana Chini ya Gari

Kwa miezi 2 gari letu lilinuka uvundo, na mtoto wetu mwenye pumu akawa anakohoa kila safari. Tuliosha viti kwa sabuni, tukapuliza manukato, lakini ukungu wa kijivu ukarudi chini ya viti na kwenye mikanda. Majirani walisema ndiyo masika ya Dar es Salaam. Fundi wa tatu hakugusa ukungu. Aliwasha AC, akaacha injini ingurume dakika 20, kisha akachungulia uvunguni. Pakavu.

Ukavu huo ndio uliomwonyesha ugonjwa. Hewa yenye unyevu ikigusa evaporeta ya baridi iliyo nyuma ya dashibodi, hutoa maji, nayo hutoka nje kwa mpira mwembamba. Kwa fukuto la pwani, AC inayopoza lazima iache kidimbwi chini ya gari. Kisipokuwepo, maji yanaingia ndani, kwa kawaida miguuni pa abiria wa mbele. Mpira wetu ulizibwa na vumbi na vipande vya majani. Ulipozibuliwa, maji yakachuruzika.

Gari likilowa siku za mvua tu, chunguza raba za milango, matundu ya kutolea maji chini ya milango, na majani yaliyojaa chini ya waipa. Maji yenye harufu tamu ni ya rejeta. Hayo yanatoka kwenye hita.

Fundi akachomoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa, maana nyaya za mifuko ya hewa hupita chini ya viti. Viti vikatolewa, zulia likainuliwa. Juu lilikuwa karibu kavu; sponji ya chini ilivuja maji kila ilipobonyezwa. Tulikuwa tukianika shuka huku godoro limelowa. Kitu kilicholowa huweza kuota ukungu ndani ya siku 1 au 2, na sponji hiyo ilikuwa imelowa kwa wiki nyingi.

Sponji ilikaa juani siku 3. Bati la sakafu likafutwa na kukaguliwa kutu. Ukungu ulisuguliwa milango ikiwa wazi, fundi amevaa barakoa: siki nyeupe kwenye plastiki, sabuni kidogo kwenye vitambaa, kisha mashine ya kufyonza maji. Jiki hakuitumia, kwa kuwa hubabua rangi na kudhoofisha nyuzi za mikanda inayotulinda. Chujio la hewa nyuma ya droo ya dashibodi likabadilishwa. Angekuta maji ya mafuriko yaliyochanganyika na ya vyoo, sponji angeitupa.

Kabla ya kurudisha viti, alitandika nailoni juu ya sponji, akabana kingo zake, akaiacha usiku kucha. Asubuhi ya kwanza nailoni ilikuwa na jasho kwa chini, sponji ikarudi juani. Asubuhi ya pili haikuwa na hata tone. Ndipo akachukua spana.