Mwana Alichoma, Mama Alifumua

Mliotazama video za Novemba 26, 2016 hamhitaji kusimuliwa upya. Boti ipo kwenye Mto Thames pande za Chelsea, sanamu za wanasiasa zinateketea, fataki zinapasuka, na Joe Corré, mtoto wa Malcolm McLaren, meneja wa bendi ya Sex Pistols, na mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood, anazitia moto nguo na kumbukumbu za panki alizosema thamani yake ni pauni milioni 5. Siku hiyo ilitimia miaka 40 tangu Sex Pistols watoe santuri yao ya kwanza. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba kile ndicho kitendo cha mwisho cha panki halisi. Sikubaliani nao hata kidogo. Lilikuwa kosa la ufundi, na lilifanywa na mtu aliyepaswa kuujua ufundi huo kuliko wote, maana alikulia ndani yake.

Sisemi ufundi wa kuwasha moto. Maandalizi yalikuwa mazuri: boti iliwekwa mbali na umati, na moto ukabaki pale ulipotakiwa kubaki.

Hasira yake pia ilikuwa na msingi. Mwaka ule London ilikuwa na ratiba nzima ya sherehe iliyoitwa Punk London, ikishirikisha taasisi kama British Library na Museum of London, na Corré alisema wazi kwamba upanki haufundishwi kwenye warsha ya makumbusho. Mwaka mmoja kabla, Virgin Money walikuwa wametoa kadi za mkopo zenye michoro ya majalada ya Sex Pistols, jambo ambalo sijalisamehe na sitalisamehe. Kwa hiyo tusibishane kama kulikuwa na sababu ya kukasirika. Tubishane kuhusu alichokichoma.

Tuanze na bei, kwa sababu bei ilitangulia moto. Miezi kadhaa kabla ya tukio, tangazo lilikuwa limeshatoka na kile kiwango cha milioni 5 ndani yake, na tangu hapo hakuna aliyetazama nguo. Watu walitazama fedha zikiungua. Kupima nguo kwa bei ni mizani ya nani? Ya madalali wa mnada na wakusanyaji, watu wale wale aliokuwa akiwakemea. Aliazima mizani yao ili kuonyesha anavyoidharau mizani yao. Isitoshe, kila shati lililoungua liliwaongezea faida wenye mashati yaliyobaki kabatini. Bill Drummond na Jimmy Cauty wa KLF, walipochoma pauni milioni 1 kisiwani Jura mwezi Agosti 1994, walichoma noti. Unaweza kuwaita wendawazimu, lakini kilichoungua ndicho kilichokuwa kikihojiwa. Corré alikuwa na ugomvi na makumbusho, akachoma nguo.

Na nguo si noti. Lichukueni shati la melimeli la Seditionaries, duka la wazazi wake, lile lenye mikono mirefu kupita vidole, pete za chuma na kulabu za kurudishia mikono hiyo nyuma. Au suruali za mikanda, zenye mkanda unaounganisha goti na goti na zipu inayotoka mbele ikapita katikati ya miguu hadi nyuma. Picha zitakuonyesha umbo lake. Hazitakuonyesha mshono umepindwa upande gani, uzi ni wa aina gani, pete imeshikizwa kwa mishono mingapi, wala kitambaa kilikatwa kwa kufuata uzi au kwa mshazari. Hayo yamo ndani ya vazi, na hayapatikani mpaka uligeuze.

Hapo ndipo linapokuja suala la uhalisi, maana soko la nguo hizi limejaa bandia. Lebo inaigwa, chapa ya maandishi inaigwa, kitambaa kinachakazwa mpaka kifanane na cha mwaka 1977. Kinachomuumbua mwigaji ni mishono. Anayechoma nguo ambazo asili yake inajulikana, zilizotoka katika nyumba ya waliozibuni, anateketeza ushahidi ambao ungetumika kuzipima nyingine zote. Wauzaji wa bandia hawakuwahi kupata msaada mkubwa kama ule.

Sasa mkumbukeni mama yake. Westwood alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na McLaren walipoanza kuuza nguo za mtindo wa miaka ya 1950 pale 430 King's Road mwaka 1971, alijifunza ukataji kwa kufumua nguo za zamani mshono kwa mshono, akizitandaza, akizisoma, kisha akishona zake. Kutokana na ufumuaji huo ndipo likaja duka la SEX mwaka 1974, na Seditionaries mwaka 1976. Ndiyo maana iliniuma kumwona juu ya basi, akihimiza watu wahamie umeme safi, siku ile ile nguo alizozibuni zilipogeuka majivu. Umeme safi ni hoja njema. Haikuhitaji kuni za aina ile.

Mto ule ule ulishaona boti iliyopangwa vizuri zaidi. Juni 7, 1977, wiki ya Jubilei ya Malkia Elizabeth, McLaren aliwapandisha Sex Pistols kwenye boti iliyoitwa Queen Elizabeth, wakapiga muziki wakipita mbele ya Bunge, mpaka polisi wakaingia na McLaren mwenyewe akakamatwa. Mlengwa alikuwepo, siku ilikuwa yake, na maana yake ilieleweka bila hotuba. Mwaka 2016 hotuba zilikuwa nyingi, na ilibidi ziwe nyingi.

Na hata zamani duka lile la King's Road halikuwa la maskini. Vijana wengi hawakumudu bei zake, wakajitengenezea. John Lydon, mwimbaji wa Sex Pistols, alichukuliwa na bendi hiyo mwaka 1975 akiwa na fulana ya Pink Floyd aliyoiandika kwa mkono kuwa anaichukia Pink Floyd. Hakuna mbunifu aliyemvisha. Na Poly Styrene wa X-Ray Spex, binti wa baba Msomali, ambaye hutajwa mwisho kila panki inapoadhimishwa, alikuwa na kibanda chake Beaufort Market, King's Road hiyo hiyo, na alipanda jukwaani na rangi kali, plastiki na nyaya zake za meno. Yule alijivika mwenyewe. Leo suruali inatoka kiwandani ikiwa imeshachanwa, na ukiitazama kwa ndani utakuta tundu limetiliwa uzi lisiendelee kuchanika. Mchano wa kweli huendelea, na pini ya kweli inashikilia kitu. Ukiichomoa, nguo inafunguka.

Corré hakuhitaji ruhusa ya makumbusho yoyote. Angekaa ukingoni pale pale Chelsea na mkasi, akafumua suruali moja na shati moja mbele ya umati, akachora vipande vyake kwenye karatasi na kugawa nakala bure kwa kila kijana mwenye cherehani. Muuza bandia na muuza halisi, wote wawili, wangekosa cha kupandishia bei.