Nisaidie na Nisaidieni: Sala ya Kitoto Mbele ya Uhakiki Wetu

Uhakiki wetu wa fasihi simulizi una ugonjwa mmoja, nao ni kupenda maneno mengi. Mtu akisimama akatoa hotuba ya nusu saa, tunakimbilia kalamu. Mtambaji akitamba hadi usiku wa manane, tunampa sura nzima katika tasnifu. Lakini mtu aliyebanwa na shida akatamka maneno mawili tu, "Yesu nisaidie", hatuna habari naye. Tunaona hapo hakuna fani, na kama hakuna fani basi hakuna la kuhakiki. Katika makala hii nitajaribu kuonyesha kwamba fani ipo, tena ni fani ngumu kuliko ya hotuba.

Hebu tuanze na tanzu. M. M. Mulokozi, katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, aliigawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Mgawanyo huo umetusaidia sana, na wengi wetu tumeupitia usiku wa kuamkia mtihani. Sasa sala ya shida tuiweke wapi? Ni fupi kama semi, lakini si kauli ya mapokeo yenye hekima ya wote. Ni ya mtu mmoja kwa saa moja. Imo katika mazungumzo, lakini anayezungumziwa hajibu, walau si kwa namna ambayo mtafiti mwenye kinasa sauti ataweza kuinasa. Mimi ningeiweka katika mazungumzo hivyo hivyo, na kuacha kiti cha pili wazi.

Sala ninayoizungumzia si ile ya madhabahuni. Tofauti yao iko kwenye sarufi. Katika makanisa yetu ya huku mjini, Azania Front pale ukingoni mwa bandari au Mtakatifu Yosefu jirani yake, sala ya kiongozi hutembea kwa hatua: kwanza sifa, kisha shukrani, kisha "tunakuomba utujalie", "tunakusihi utuepushe". Ombi limefungwa ndani ya kitenzi kingine. Ni adabu, na ni adabu ile ile ya mtaani. Mtoto wa Dar es Salaam akifika dukani akasema "nipe chumvi", mama yake humkata hapo hapo: "Sema naomba!" Basi mtoto hujifunza, na akikua anakuwa mtu wa "naomba" kwa muuza duka, kwa konda, kwa karani wa ofisini na kwa Mungu.

Shida inapokuja, "naomba" ndiyo ya kwanza kuanguka. Aliyebanwa hasemi "nakuomba unisaidie". Anasema "nisaidie". Anarudi nyuma kabla ya lile karipio la dukani. Ndiyo maana naiita sala ya kitoto. Simaanishi kwamba anayesali hana akili. Nasema sarufi yake ni ya mtu ambaye bado hajafundishwa kuomba kwa mzunguko: anataja jina, anataja kitenzi, basi. Ndani ya kitenzi yumo yeye mwenyewe, ile "ni-" ndogo, silabi moja tu. Hajieleza ni nani, hatoi sababu za kustahili, hataji mema aliyoyatenda. Tukumbuke Petro katika Injili ya Mathayo sura ya 14, anapoanza kuzama ziwani: hana zaidi ya cheo cha anayemwita na kitenzi kimoja.

Wapo watakaosema kumwamrisha Mungu ni utovu wa heshima. Lakini ndugu zangu, wimbo wetu wa taifa, ambao watoto wa shule za Kariakoo huuimba wakiwa mstarini, unafanya nini? "Mungu Ibariki Afrika" ni kauli ya kuamuru. Sontonga alitunga wimbo wa asili huko Afrika Kusini mwaka 1897, na tangu Desemba 1961 Kiswahili chetu kimesimama mbele ya bendera kikimwambia Mungu la kufanya, bila "tunaomba". Hakuna aliyewahi kuona ni ufedhuli.

Nimetaja Kariakoo, na hapo ndipo hoja yenyewe ilipo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la ghorofa la biashara lilianguka pale Kariakoo. Wafanyabiashara na wateja walikuwa ndani. Waokoaji walifukua kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Wapo waliokuwa chini ya kifusi wakiwasiliana kwa simu na walio juu. Maneno yao ya faragha si mali yangu, sitayabuni hapa. Lakini yeyote anayeijua lugha hii anajua ni vitenzi gani hutumika mahali kama pale.

Mhakiki wa mkondo ule wa kiyakinifu uliotamba Mlimani miaka ya 1970 angekuwa na jibu tayari: sala ni kasumba. Watu wanamlilia Mungu badala ya kuuliza nani alijenga, nani alikagua, nani alipokea kodi ya pango. Hoja hii siidharau hata kidogo. Maswali hayo ni ya haki, na yaliulizwa kwa sauti kubwa wiki ile. Ila madai kwamba sala inachukua nafasi ya maswali hayo hayaungwi mkono na maneno yenyewe. Kiswahili kina "Mungu wangu, nisaidie" na kina "Jamani, nisaidieni". Kilichotofautiana ni kiambishi "-ni" cha mwishoni, na jina la anayeitwa. Kitenzi ni kile kile. Aliye chini ya zege anavuka kutoka kauli moja hadi nyingine ndani ya pumzi moja, na anarudi tena. Kumlilia Mungu hakujamnyamazisha asiwalilie watu. Kinywa kilichofunguka kwa Mungu ndicho kinachoita waokoaji. Kama kuna kasumba, tuitafute kwenye hotuba ya anayekuja baadaye kutuambia kwamba yote yalikuwa mapenzi ya Mungu. Ile hotuba ina sifa zote za fani tunazozipenda.

Turudi kwenye ushairi, maana washairi wetu wa Kikristo wamejaribu. Mathias Mnyampala, aliyetutolea Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963, alifuata na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Kazi ya kishujaa kwelikweli, na namheshimu kwa kuziingiza Zaburi katika bahari ya Waswahili. Lakini utenzi una sheria: mizani 8, vina vitatu vinavyolingana, cha nne kinachosubiriwa na ubeti mzima. Anayelia hasubiri kina. Nilihesabu kwa vidole: "Mungu wangu niokoe" ina mizani 8 kamili, kumbe inaingia! "Mungu wangu nisaidie" ina 9, inamwagika. Na hii inayomwagika ndiyo niisikiayo kwenye pantoni ya Kigamboni mawimbi yakipiga, si ile nyingine iliyovaa kanzu ya kanisani.

Hata katika Tenzi za Rohoni, wimbo unaoimbwa sana misibani, "Yesu Kwetu ni Rafiki", ukiuchunguza si sala. Joseph Scriven aliandika shairi lake la asili mwaka 1855 akiwa Kanada, kwa ajili ya mama yake aliyekuwa mgonjwa Ireland. Anayezungumziwa ni mama, na leo ni sisi waombolezaji. Yesu anatajwa kama mtu wa tatu. Ni wimbo wa kushawishi watu wasali. Mzuri, wa kufariji, lakini ni mawaidha.

Jambo moja limebaki, nalo ni la mipaka. Watu wa Kariakoo wengi ni Waislamu, na "Mungu wangu" ni ya wote, hivyo Ukristo wa sala hii umo katika jina tu, pale mtu anaposema "Yesu". Sioni haja ya kugawa tanzu mbili kwa sababu ya nomino moja. Kinachonisumbua zaidi ni ile sauti ya "Mama!", "Mama yangu weee!", ambayo mtu mzima mwenye wajukuu huitoa akiteleza kwenye ngazi za kivukoni. Jina lipo, aliyeitwa hayupo, pengine amekwisha kufa. Rafiki yangu wa mwaka wa tatu anasisitiza kwamba nayo ni sala. Mimi nimeiacha nje, katika ukelele, kwa kuwa haina kitenzi, hakuna kinachoombwa.