Kazi ya Chipu

Nimeitazama tena Casino Royale (2006), na safari hii nilimwacha Bond, nikaangalia chipu. Mapema tu, huko Mbale, Uganda, kiongozi wa waasi anamkabidhi Le Chiffre fedha zake. Le Chiffre anazipoteza kwenye soko la hisa, kisha anaandaa poka Montenegro ili azirudishe. Kila mchezaji anaingia na dola milioni 10. Mezani chipu zinang'aa, zinagongana kwa mlio mtamu. Damu haionekani.

Hiyo ndiyo kazi ya chipu: kukusahaulisha pesa ilikotoka. Karne ya 19, kabla ya udongo na plastiki, baadhi zilichongwa kwa pembe za ndovu. Wakati huo Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe zilizofika pwani mabegani mwa wapagazi, na Wamarekani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Mchezaji alishika kitu laini, cheupe.

Filamu inamleta yule mwasi hadi hotelini kudai chake. Inamuua ngazini; Bond anajisafisha damu, anabadili shati, anarudi mezani. Nasi tunarudi naye, tukiwa tumeshaisahau Mbale. Ni filamu nzuri, ila nayo imefanya kazi ya chipu.