Sauti Nyuma ya Picha: Lugha katika Filamu za Hali Halisi za Afrika ya Mashariki

Wahakiki wetu, hata wale waliokwisha kukubali kwamba filamu ni utanzu unaostahili kuchambuliwa, aghalabu huzishughulikia filamu zenye hadithi ya kubuni na kuziacha kando filamu za hali halisi. Sababu inayotolewa ni kwamba filamu za namna hii hazina utunzi: mpiga picha huenda mbugani au kijijini, akaielekeza kamera yake, na kilichokuwapo kikanaswa. Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Picha huenda ikawa ya mbugani, lakini maneno yanayoandamana nayo huandikwa mezani, kwa lugha fulani na kwa ajili ya hadhira fulani, na ndiyo yanayomwambia mtazamaji kile anachokiona.

Tuanze na Serengeti darf nicht sterben, yaani "Serengeti Isife", ya Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1959 na ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Wawili hao waliruka juu ya nyika kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakiwahesabu wanyama na kuzifuata njia za kuhama kwao, ili waonyeshe kwamba mipaka mipya iliyopendekezwa ingewaacha wanyama wengi nje ya hifadhi. Michael alifariki Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tai. Ni vigumu mtu kuitazama kazi hiyo bila kuguswa.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba jina Serengeti lenyewe latokana na lugha ya Kimaasai, na kwamba mwaka huo huo wa 1959 sheria iliitenga Ngorongoro na Hifadhi ya Serengeti, nao Wamaasai wakatakiwa kuihama hifadhi hiyo kwa mujibu wa mkataba waliotiliwa mkono wazee wao mwaka 1958. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyowahamisha. Uamuzi ule ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Tunalosema ni kwamba sauti inayoitawala ni ya msimulizi mmoja, naye ana shauri lake. Mtu akitoa shauri barazani, hujibiwa. Msimulizi wa filamu hajibiwi, kwa kuwa wale wanaoweza kumjibu wamo ndani ya picha, na picha haikupewa ulimi.

Filamu za baadaye za Alan na Joan Root hazina shauri la namna hiyo, na kwa ufundi zimeshinda nyingi. Castles of Clay, ya mwaka 1978, iliyoingia katika orodha ya kuwania Oscar, inaingia ndani ya kichuguu na kumwonyesha mtazamaji malkia, askari, na bustani za kuvu wanazozilima mchwa gizani. Hiyo ni sayansi iliyofafanuliwa kwa subira kubwa. Lakini mtu aliyelelewa Magharibi ya Kenya, ambako watu hugongagonga ardhi kwa kuiga mshindo wa mvua ili kumbikumbi watoke, atajiuliza mbona maarifa hayo yasiingie katika masimulizi. Hayo pia ni matokeo ya uchunguzi wa muda mrefu. Tena Kiswahili kimekwisha kuigawanya kazi: mdudu huyo ni mchwa anapojenga na kula mbao zetu, ni kumbikumbi anapoota mbawa na kutoka baada ya mvua, na makao yake ni kichuguu.

Hapa pana jambo la sarufi ambalo wanaisimu wangefaa kulitilia maanani. Msimulizi wa Kiingereza, kila anapomtaja mnyama, hana budi kuchagua: ama atumie kiwakilishi cha kitu, ama kile cha mtu. Akichagua cha mtu, amekwisha kutia huruma ndani ya sentensi, na mtazamaji huihisi. Kiswahili hakimlazimishi msimulizi kuchagua. Upatanisho wa a- na wa- huwachukua viumbe wote wenye uhai: mafundi wanajenga, mchwa wanajenga, mama amemtafuta mwanawe, ndovu amemtafuta mwanawe. Ukaribu ambao msimulizi wa Kiingereza huutafuta kwa muziki wa vinanda na kwa sauti ya kunong'ona, Kiswahili kinao tangu mwanzo. Kwa hiyo mfasiri anayeyachukua masimulizi ya Kiingereza neno kwa neno, pamoja na mbwembwe zake zote, humpa msikilizaji wa Kiswahili chumvi mara mbili.

Mfano mwingine ni The Elephant Queen ya Mark Deeble na Victoria Stone, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 2018. Ni filamu ya ndovu wa Tsavo, nayo ni nzuri. Kiongozi wa kundi amepewa jina Athena, mungu wa kike wa Wayunani. Ndama wawili wakaitwa Mimi na Wewe. Kwa sikio la mgeni, majina hayo mawili ni sauti tamu za Kiafrika. Kwetu sisi ni viwakilishi, na mara tu yanapotiwa katika sentensi huleta kichekesho ambacho bila shaka hakikukusudiwa: "Mimi amelala", "Wewe anakunywa maji". Mwanafunzi wa darasa la pili angesahihishwa. Jambo lenyewe ni dogo, lakini ladokeza Kiswahili kilitazamiwa kufanya kazi gani: kupamba, na hadhi ya malkia ikaazimwa Ugiriki.

Njia nyingine ilikwisha kufunguliwa zamani. Mnamo 1973 na 1974 David na Judith MacDougall walikaa na Waturkana, na katika kazi zilizotokana na safari hiyo, hasa The Wedding Camels ya mwaka 1977, watu husema kwa Kiturkana, na tafsiri huandikwa chini ya picha. Lorang anamwoza binti yake, Akai, kwa Kongu, ambaye ni rafiki na hirimu wa Lorang mwenyewe. Pana mazungumzo marefu juu ya ngamia na ng'ombe wa mahari. Lorang akidai kidogo, atajishusha mbele ya jamaa zake. Akidai kupita kiasi, atauvunja urafiki. Hakuna msimulizi wa kutuambia nani ana haki. Twaachwa tusikilize, tupime maneno, tushuku, kama tungalivyoshuku katika mahari ya kwetu. Mfugaji ambaye katika filamu ya mbuga alikuwa sehemu ya mandhari, hapa ni msemaji stadi. Tofauti haikuletwa na kamera iliyo bora, bali na uamuzi juu ya lugha.

Tafsiri nayo ina mipaka, na mipaka hiyo huonekana zaidi katika filamu za muziki. As Old as My Tongue ya Andy Jones, ya mwaka 2006, imemhifadhia ulimwengu Bi Kidude binti Baraka wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, na kwa hilo tunashukuru. Lakini jina la filamu ni msemo wa kale wa Kiingereza, na taarabu ni sanaa ya mafumbo. Wimbo kama "Muhogo wa Jang'ombe", tafsiri yake ikitaja chakula tu, utakuwa umetafsiriwa sawasawa na kupotea wote.

Katika miaka ya karibuni wenyeji wameshika kazi hii wenyewe. Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, alijipiga picha shambani kwake akingoja mvua, na ndiye aliyeshirikiana na Julia Dahr kuiongoza Thank You for the Rain ya mwaka 2017. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa kwanza Amsterdam mwaka 2019, yamfuata kijana anayerudi Kilifi baada ya kusikia kwamba bibi yake anatuhumiwa uchawi. Filamu hiyo yahitaji uchambuzi mrefu kuliko nafasi tuliyo nayo, hasa kwa namna watu wake wanavyotumia Kigiriama na Kiswahili. Mtazamaji wa Pwani hutambua mara moja msemaji anapoiacha lugha moja na kuishika nyingine, na hujiuliza kwa nini ameiacha mbele ya mtu yule. Chini ya picha, lugha zote mbili huandikwa kwa Kiingereza kile kile, kwa herufi zile zile.