Picha ya Kilima Kitupu

Vijana wa sharika zetu wa Karagwe na Kyerwa hupenda kupiga picha mahali palipoachwa: mashimo ya madini ya bati, au vilima vilivyokatwa miti enzi za kambi za wakimbizi, 1994 hadi 1996. Picha hizo ni ushahidi wa jinsi nchi inavyochakaa, wala hatuzidharau. Lakini zina upungufu mmoja: hazina mtu. Kisiki kipo, aliyekata hayupo, wala sababu iliyomfanya akate.

Tuzilinganishe na picha za Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefika kambi ya Benaco, kwa jirani zetu wa Ngara, mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Salgado alipiga picha nyeusi na nyeupe za umati, vibanda na moshi wa meko. Wapo wanaomlaumu kwamba aliupamba msiba, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, kwake tunaona kile ambacho kilima kitupu hakisemi: miti iliisha kwa sababu chungu kilipaswa kuchemka. Anayeona kisiki peke yake humhukumu mkimbizi. Anayeona na chungu huuliza ni nani aliyemfukuza mtu huyu kwao.

Yaliyompata Rwanda yalimuumiza Salgado, akaacha kamera kwa muda. Akarudi kwenye shamba la wazazi wake, lililokuwa limekauka. Mwaka 1998 yeye na mkewe Lélia walianzisha Instituto Terra, na miti zaidi ya milioni 2 imepandwa.

Nehemia naye alizunguka usiku akikagua kuta zilizobomoka (Neh. 2). Alipowaambia watu alichokiona, alijihesabu pamoja nao katika aibu ile, ndipo akawaita wajenge. Picha zetu bado hazijatuhesabu sisi. Wakimbizi waliondoka Desemba 1996; mkaa tunaopikia leo hawakuuchoma wao.

Basi usharika unaotundika picha ya kilima uandike chini yake jina la kilima, mwaka, na kuni zile zilimpikia nani. Kisha upande miti, na mwaka unaofuata upige picha pale pale.