Sentensi Moja ya Mchezo wa Sinema

Mtungaji wa mchezo wa sinema aghalabu hutakiwa, kabla mswada wake haujasomwa, atoe sentensi moja ielezayo hadithi yake. Msomaji wa kampuni ya filamu ana miswada mingi mezani, nayo sentensi hiyo ndiyo bawabu: humpitisha mwandishi au humrudisha mlangoni. Wengi huidharau kwa ufupi wake. Wengine huipamba kama tangazo la duka, na hao ndio waiharibuo zaidi.

Mfano mwema wa kupimia jambo hili ni Mandabi, filamu ya Sembène Ousmane wa Senegali iliyotoka mwaka 1968, ndefu ya kwanza aliyoitengeneza kwa Kiwolofu. Hadithi yake si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili, maana Amandina Lihamba aliifanya tamthilia, Hawala ya Fedha. Mtu akiulizwa filamu hii inahusu nini, jibu jepesi ni kwamba yahusu umaskini na urasimu baada ya uhuru. Jibu hilo si uongo, ila halina kazi. Umaskini haupangi foleni posta. Mtu ndiye apangaye.

Basi na ijaribiwe hivi: mzee wa Dakar apokea hawala kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris, lakini ashindwa kuitoa kwa kuwa hana kitambulisho. Hapa pana mtu, pana haja, pana kizuizi. Walimu wengi wa kazi hii wangeridhika. Hata hivyo sentensi hii yampoteza msomaji, kwani atadhani fedha ni za mzee. Katika hadithi, faranga 25,000 zimekwisha kugawanywa na aliyezituma: 20,000 ni akiba yake mwenyewe, 3,000 ni za mama yake, na 2,000 tu ndizo za Ibrahima Dieng. Mtaa mzima, pamoja na mwenye duka amdaiye, humwona Dieng tajiri kwa mali isiyo yake. Uchungu wa filamu umo humo. Kitambulisho ni njia tu ya kuufikia.

Sentensi bora, ingawa ni nzito kidogo mdomoni, ni hii: mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto saba, atumiwa fedha ambazo nyingi si zake, na kadiri ofisi zinavyomkataa kwa kukosa kitambulisho, ndivyo yanavyozidi madeni yaliyokopwa kwa kuzitegemea. Nusu moja yaisukuma nyingine. Jina la Dieng halikutiwa, maana jina halimwambii neno mtu asiyemjua, hali wake wawili na watoto saba humwambia mengi. Wala hakutajwa mfanyabiashara atakayemdhulumu mwishoni. Methali huweza kutoa hukumu kwa maneno machache. Sentensi ya namna hii haina budi kuiacha kesi wazi, ili mswada upate kusomwa.

Ziko filamu zinazoikataa kanuni hii. Ozu alipotengeneza Tokyo Story mwaka 1953, hadithi yake ilikuwa ya wazee wawili wa Onomichi waliosafiri kwenda Tokyo kuwaona watoto wao, nao watoto hawakuwa na nafasi. Maneno hayo ni ya kweli na yamekamilika, lakini msomaji mwenye haraka angeyatupa, kwa kuwa hayana adui wala hatari. Mwandishi hodari angeongeza kwamba aliyewapa wazee nafasi ni Noriko, mjane wa mwana wao aliyepotea vitani, asiyekuwa damu yao. Papo hapo sentensi ingepata nguvu. Lakini ingemsogeza Noriko mbele kuliko alivyowekwa na Ozu, na mtayarishaji aliyevutwa na sentensi hiyo angemtafuta tangu picha ya kwanza, huku filamu ikimwonyesha wazee nyumbani kwao, wakifunga mizigo yao polepole.