Sifa za Tofali Bichi

Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yanatunza vyungu na vikapu vya wazee wa Burundi. Ni kazi njema. Lakini ufundi nao una njia yake ya kutunzwa, nayo ni kupewa kazi, na kwa hilo mimi huwaelekeza watu Muyinga.

Mwaka 2012 ilikamilika huko maktaba ya shule ya watoto viziwi na ya mji mzima. Wasanifu wa BC kutoka Brussels waliijenga pamoja na shirika la wenyeji, ODEDIM. Kuta zake ni za udongo mbichi ulioshindiliwa kwa mashine za mkono. Warundi wamezoea tofali la kuchoma, na tanuru hula kuni katika nchi ambayo miti yake imepungua mno. Tofali bichi halidai hata kijiti. Linamdai fundi.

Kwanza achekeche udongo. Kisha afumbate konzi yenye unyevu kidogo na kuidondosha: ikivunjika vipande vichache, maji yametosha; ikitawanyika yote, ni kavu; ikibaki bonge, maji yamezidi. Hakuna kipimo kingine anachokihitaji pale kiwanjani zaidi ya kiganja kilichozoea. Likishafyatuliwa, tofali huwekwa kivulini likomae taratibu, maana jua kali hulipasua.

Adui wake ni mvua, ndiyo maana paa la vigae lina mteremko mkali na upenu mpana. Nguzo za ukuta zimesimama karibukaribu, kila mita 1.30, kwa sababu boriti za mikaratusi ya huko hazifiki mbali. Napenda sana jinsi udhaifu wa mti ulivyogeuka mwendo wa jengo zima. Kando yake kuna baraza ndefu, kama katika nyumba za Kirundi, ambako watu hujikinga, husubiriana, huzungumza.

Ndani, juu ya vichwa, kumetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge. Majani yalikatwa, yakaparwa, nyuzi zikasokotwa na kusukwa kwa mikono ya wenyeji. Mtoto asiyesikia akilala humo na kitabu chake, anaona chumba chote: nani ameingia, nani anamwita kwa ishara. Wasokotaji hao wanastahili kutajwa pamoja na wasanifu kila maktaba hii inaposifiwa, na wafyatuaji wa matofali vilevile.